Faili la barua pepe lisiachwe linenepe

Wakulima wenzangu wa Kiwengwa mnaouza mboga hotelini, oda zenu nyingi zinakuja kwa barua pepe. Outlook ya kwenye kompyuta inaweza kuzirundika zote katika faili moja, la PST. Umeme ukizimika ghafla, faili linaweza kuharibika. Na umeme wetu tunaujua: Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Programu ya kulitengeneza ipo, inaitwa Scanpst. Lakini faili likiwa kubwa, kazi inaweza kukesha. Watu wanadhani imeganda, wanazima, na faili linazidi kuharibika.

Mimi naona wa kulaumiwa si Scanpst. Ni sisi tunaoweka oda za miaka kumi pahala pamoja. Outlook tangu ya 2010 inaruhusu hadi GB 50, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Mbegu zote huziweki gunia moja!

Kila mwaka uwe na faili lake. Funga Outlook, nakili kwenye flashi kila wiki. Likiharibika, nakili kwanza hilo bovu, ndipo utengeneze usiku, laptopu ikiwa na chaji. Hoteli wapigie simu wakupe oda upya. Mchicha hausubiri kompyuta.