Mama anayelea kwa mimea asifukuzwe kliniki

KUSI NA KASKAZI
Na Kadzo Karisa

Mjini Malindi, mzazi akisema mwanawe hali samaki, wanaomsikia huguna. Mtoto wa pwani hulambishwa mchuzi wa changu kabla hajamaliza kuota meno, shangazi akimchambulia miiba. Basi wazazi walioamua kulea kwa mimea pekee, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa ya mnyama, wamejifunza kunyamaza. Wapo Marasta wanaofuata chakula cha imani yao, wapo wageni wa Watamu na Malindi waliokuja na desturi hiyo kutoka Ulaya, na wapo vijana wetu wenyewe waliovutwa na afya au huruma kwa wanyama. Leo nawatetea, kwa sharti moja: mtoto awe mikononi mwa daktari wa watoto, na daktari huyo asimfukuze mama.

Nimeketi na mmoja wao, mama wa binti wa mwaka na nusu, wakati wa chakula cha mchana. Bakulini mlikuwa na wali laini, mbaazi zilizopondwa kwa tui zito, mchicha uliokatwa mdogo mdogo, na kando vipande vya embe. Mbaazi zilikuwa zimelowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, kwa sababu kuloweka hupunguza vile vinavyozuia madini ya chuma kuingia mwilini. Embe lina vitamini C, inayoyasaidia madini hayo kuingia. Tui lipo kwa ajili ya mafuta, maana tumbo la mtoto ni dogo, na kunde na majani hulijaza kabla hajapata nguvu za kutosha. Chai ya rangi, ambayo watoto wengi wa kwetu hunyweshwa na mahamri yao, haikuwepo, kwa kuwa nayo huzuia chuma. Na binti bado ananyonya. Maziwa ya mama ni haki yake, na hakuna lishe ya mimea inayomkataza.

Yote hayo mama alifundishwa na daktari wa watoto, lakini si wa kwanza. Wa kwanza alimgombeza mbele ya wagonjwa wengine: ampe mtoto mayai, la sivyo asirudi. Hakurudi. Kwa miezi kadhaa mtoto hakupandishwa kwenye mizani, na kitabu cha kliniki kikakaa kabatini.

Miezi hiyo ndiyo iliyonitia hofu niliposimuliwa. Bakuli lile zuri lina pengo moja lisilozibika kwa mapishi: vitamini B12. Haimo kwenye mbaazi, mchicha, korosho, ufuta wala mabuyu. Mtu mzima ana akiba ndani ya ini inayoweza kumtosha miaka, kwa hiyo mama anaweza kupungukiwa bila kujua. Mtoto wake huzaliwa na akiba ndogo, kisha anategemea ziwa la mama ambalo nalo limepungukiwa. Kabla ya kutimiza mwaka anaweza kuanza kulegea, kupoteza tabasamu, na aliyekuwa ameshajua kukaa akashindwa kukaa. Akitibiwa mapema hupona, akichelewa ubongo unaweza kubaki na dosari ya maisha. Kinga yake ni matone au vidonge, kwa mama tangu ujauzito na muda wote wa kunyonyesha, na kwa mtoto kwa kipimo atakachosema daktari. Kosa la kumfukuza mama huyu ni kwamba ndiye hasa aliyehitaji kuambiwa maneno haya, akaambiwa mengine.

Tui nalo lisimdanganye mtu kwa weupe wake. Lina mafuta tele, lakini protini na kalsiamu ni haba, na halichukui nafasi ya maziwa ya mama. Iodini iko kwenye chumvi ya viwandani iliyotiwa madini hayo. Gongoni na Marereni zinailisha nchi chumvi, hivyo hapo hatuna udhuru.

Chuma ndicho kinachotaka jicho la mtaalamu. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Pemba, kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa kuliko wenzao. Lakini waliopimwa wakakutwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo mama wa Kilifi, mwambao wenye mbu walewale, asinunue dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia. Mtoto apimwe kwanza.

Wataalamu wa dunia hawajakubaliana. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba lishe ya mimea pekee ikipangwa vizuri inafaa kila umri, wachanga wakiwemo. Tamko lake la 2025 limezungumzia watu wazima tu. Akademia ya Kifalme ya Tiba ya Ubelgiji iliipinga kwa watoto mwaka 2019. Huko Italia, ambako majirani zetu wengi wa Malindi wametoka, mbunge Elvira Savino alipendekeza mwaka 2016 wazazi wa namna hii wafungwe. Mswada haukuwa sheria, nami nafurahi. Mama anayeogopa jela humficha mtoto zaidi kuliko anayeogopa kugombezwa.

Najua kwa nini Kilifi tunashtuka. Shakahola iko kwetu. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, watoto wengi wakiwemo, walionyimwa chakula kwa jina la dini. Baada ya hayo jirani ana haki ya kuuliza. Lakini wale watoto walifichwa msituni mbali na muuguzi yeyote, ilhali mama ninayemtetea anaomba kuingia kliniki.

Na tukishaanza kuuliza, tuulize hadi bara ya kaunti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 37 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Kilifi wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti zote 47. Kitaifa ni 18. Katika vijiji vya Ganze na Magarini, mvua ikikosa, mtoto hula sima na mchunga au mnavu siku baada ya siku, na asubuhi uji mweupe wa mahindi. Hicho nacho ni chakula cha mimea pekee, ila hakuna aliyekichagua, hakina mbaazi wala tui la kutosha, na hakuna daktari wa watoto anayekifuatilia. Inaniuma kwamba tunamshangaa mama mmoja mjini mwenye bakuli lililopangwa, na bakuli hili la pili tumelizoea.

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wanafika hadi mlangoni. Wafundishwe kuuliza mtoto alikula nini jana, bila kugomba. Anayekula samaki na mayai lakini hana, asaidiwe kuyapata. Asiyekula, apewe B12 na tarehe ya kurudi. Kaunti inapoandika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, nataka kuona fungu la wataalamu wa lishe wa Bamba na Ganze limetajwa waziwazi, na matone ya B12 yakiwa kwenye orodha ya dawa za zahanati.