Maji Maangavu Yaweza Kuficha Maradhi

Ndugu msomaji, afikaye Lituhi, karibu na pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, huona ziwa linalong'aa na dagaa walioanikwa juani. Kitoweo cha ufuko huo husafiri kuelekea Mbinga na Songea, na huenda siku moja kikafika chunguni mwako. Macho yakiridhika, moyo husema: chakula hiki ni safi. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwani kirusi hakionekani, hakina harufu wala ladha.

Somo kubwa lilipatikana Shanghai, nchini China, mwaka 1988. Watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini ya aina ya A baada ya kula kome waliochovywa tu katika maji ya moto. Kome hao walitoka katika maji yaliyoingiwa na kinyesi cha binadamu. Kome na chaza hula kwa kuchuja maji, na virusi vilivyomo hubakia miilini mwao. Wenyewe hawaugui, wala rangi yao haibadiliki. Mlaji ndiye augua, tena baada ya wiki 4 hivi, akiwa amekwisha kusahau alichokula.

Dada zetu wa Unguja huchokoa chaza na kombe maji yakupwapo. Ndugu zetu wa Lituhi kitoweo chao ni dagaa na mbasa. Je, wao wamesalimika? La hasha! Pasipo na choo, mvua huchukua uchafu hadi ziwani, na maji hayohayo hutekwa kwa kunywa, kuoshea vyombo na kuoshea samaki. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, kipindupindu kilichoanza Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700. Kipindupindu huletwa na bakteria, si kirusi, lakini njia yao ni moja: kinyesi, maji, mkono, kinywa.

Mlinzi wa kwanza wa nyumba ni moto. Chaza sharti achemke mpaka nyama ya ndani iive. Kufunguka kwa gamba si ushahidi wa kuiva, wala ndimu haiui kirusi. Dagaa waoshwe kwa maji safi, kisha wapikwe wachemke sawasawa. Jua hukausha, halipiki.

Mlinzi wa pili ni mkono. Chakula kilichoiva vema huharibiwa upya na mkono mchafu unaokipakua. Yapasa kunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, na kabla ya kushika chakula. Mwenye kuhara au kutapika asipikie wenzake mpaka zipite siku 2 tangu apone.

Mtoto akiharisha, mpe maji mara moja: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo, naye apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Kinga, ndugu msomaji, haijui mpaka wa mji na kijiji. Baba achimbaye choo Lituhi, mbali na maji, hulinda pia chungu cha nyumba asiyoijua mjini Songea. Nasi wa mjini tusiuache moto na sabuni vifanye kazi nusu.