Kanzu Yenye Damu Haisemi Peke Yake

Wazazi wengi tumewasimulia watoto wetu kisa cha Nabii Yusuf (a.s.): ndugu zake walivyorudi jioni wakilia, mkononi kanzu iliyopakwa damu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) aliitazama kanzu ile akaona haikuraruka, akastaajabu ni mbwamwitu gani amlaye mtoto akaiacha nguo yake nzima.

Kisa hicho hutukumbusha mkasa wa Australia. Usiku wa 17 Agosti 1980, Azaria Chamberlain, mtoto wa wiki tisa, alitoweka hemani karibu na mlima Uluru. Mama yake, Lindy, alisema amemwona dingo, mbwa wa mwituni wa nchi hiyo, akitoka hemani. Baada ya wiki moja nguo za mtoto zilipatikana zikiwa na damu. Mwili haukuonekana kamwe.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mahakamani wataalamu walidai kuwa nguo zilikatwa kwa mkasi, si kwa meno, na kwamba ndani ya gari kulikuwa na damu ya mtoto mchanga. Nguo hazikuonekana na mate ya mnyama. Mama alieleza kuwa juu yake mwanawe alivaa kikoti; lakini kikoti hakikuwepo, basi hakusadikiwa. Mitaani watu walikwisha kuhukumu: hakulia vya kutosha, tena dhehebu lake la Kisabato lilizushiwa kutoa watoto kafara. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha, na akajifungua mtoto mwingine akiwa kifungoni.

Februari 1986, watu waliokuwa wakitafuta mabaki ya mtalii aliyeanguka mlimani walikiona kikoti kile, kimefukiwa nusu mchangani, mahali penye mapango ya dingo. Siku chache baadaye mama aliachiwa. Uchunguzi ulibainisha kuwa ile iliyoitwa damu iliyoruka chini ya dashibodi ilikuwa lami ya kiwandani ya kupunguza kelele za gari. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 ilitamkwa rasmi kuwa dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Ndugu wasomaji, nguo zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni macho ya waliozitazama. Mtoto anapopotea mtaani kwetu, kiatu kikaokotwa au doa likaonekana uani kwa jirani, tusikiguse wala tusisambaze picha yake kwa simu. Tuwaite polisi, kisha tujiulize: ni nani aliyekipima? Je, kuna maelezo mengine? Ni kipi ambacho bado hakijapatikana? Na tusiyapime machozi ya mzazi, kwani huzuni haina sura moja.

Dhana mbaya hudhulumu wawili: humtia mashakani asiye na hatia, na huwafanya watu waache kumtafuta mtoto wakidhani wamekwisha kujua aliko. Nabii Yaaqub hakuidanganyikia damu, wala hakukata tamaa ya mwanawe. Nasi tushike yote mawili.