Tusimsingizie Mungu

Liko neno lililozoeleka mno katika sharika zetu, nasi tunaona wakati umefika wa kulipinga. Neno lenyewe ni hili: "Tumwachie Mungu." Husemwa mbwa wa nyumba anapokuwa amelala nyuma ya jiko siku ya tisa, figo zimekufa, mdomo unanuka mkojo, mbavu zinahesabika, anatapika hata maji aliyolambishwa. Daktari wa mifugo amekwisha kusema kwamba tiba hakuna. Amesema pia kwamba iko sindano ya kumpumzisha. Mwenye nyumba anakuna kichwa, anatazama pembeni, kisha anatamka kwamba uhai ni wa Mungu, atamchukua mwenyewe akitaka. Wote waliopo wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wamesikia neno la imani.

Sisi tunasema hilo ni neno la kukwepa. Mwenye nyumba huyo huyo alichinja mbuzi wa Krismasi. Hakumwachia Mungu mbuzi yule. Alinoa kisu tangu jioni, akapanga saa ili nyama iwahi watu wakitoka ibadani. Hatumlaumu, maana supu ile tuliinywa pamoja naye. Lakini tunamwuliza: imekuwaje kumtoa mnyama uhai kwa ajili ya tumbo letu kusiwe na neno, na kumtoa uhai kwa ajili ya maumivu yake mwenyewe kuwe dhambi?

Tena mbwa huyu, tangu alipoletwa akiwa mtoto ndani ya boksi, hajawahi kuamua jambo lolote kubwa la maisha yake. Sisi ndio tulioamua afungwe mchana na kufunguliwa usiku. Tuliamua ale dona na vichwa vya dagaa, achanjwe kichaa cha mbwa, ahasiwe au azae. Hata jina tulimpa sisi, kama Adamu alivyowapa wanyama majina katika Mwanzo 2. Miaka 11 tumekuwa watawala wake bila kuona haya. Leo utawala umekuwa mzigo, ndipo tunajiuzulu ghafla na kumkabidhi Mungu mnyama tuliyemmaliza nguvu kwa kutulindia kuku na mlango.

Maandiko hayatupi nafasi hiyo. Mithali 12:10 inaipima haki ya mtu kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kutoka 23:5 inatukataza kumpita punda aliyelemewa na mzigo, hata kama ni wa mtu anayetuchukia. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, aliwauliza walimu wa sheria ni nani kwao ambaye hangemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Walinyamaza. Hakuna hata mmoja wao aliyesema ng'ombe aachiwe Mungu.

Wako watakaotuambia kwamba leo ni mbwa, kesho itakuwa bibi mzee. Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu anayeitoa anaogopa jambo la kuogopwa kweli. Lakini bibi yetu akiugua anajua anaugua. Anaweza kuomba, kusamehe, kumwita mwana aliyeko mbali wapatane. Anaweza kuyabeba mateso yake mbele za Mungu kwa namna ambayo sisi wazima hatuielewi. Naye ana haki ya kutulizwa maumivu: ndiyo maana kuna tiba shufaa, ndiyo maana hospitali ya kanisa ya Selian kule Arusha imewahudumia wagonjwa wa namna hiyo, na Ocean Road kule Dar es Salaam hutoa morfini. Mtu si wa kuuawa, ni wa kuuguzwa hadi pumzi ya mwisho. Mbwa hana dhambi ya kutubu wala wosia wa kuacha. Hajui kwamba maumivu yana mwisho. Kwake maumivu ya leo ndiyo dunia nzima. Anayewaweka hawa wawili kwenye mzani mmoja anamshusha bibi, hampandishi mbwa.

Tukisema hivyo, tusije tukaonekana tunawafungulia mlango wenye haraka. Hao nao wapo, na pengine ni wengi kuliko wale wa kumwachia Mungu. Mbwa akianza kuchechemea tu, au akizeeka asibweke tena, wanatafuta sumu, au wanamtia kwenye gunia na kumtupa ng'ambo ya mto. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iko kwa ajili ya watu kama hao. Mara nyingi ni ujinga pia. Uvimbe ule wa sehemu za siri unaovuja damu, ambao mbwa huambukizana wanapopandana, unatisha kuutazama, lakini wengi hupona kwa sindano za vinkristini zinazochomwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Kabla ya kuuliza "lini," mtu aulize "ana nini," na amwulize mtaalamu wa mifugo, si jirani. Wala asimpe mbwa vidonge vya maumivu vya baba: diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Basi lini? Hapa ndipo watu wanapotaka ishara kutoka mbinguni, nasi tunasema ishara ziko sakafuni, mbele ya macho. Mbwa mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, keti umhesabie. Je, anakula? Anaweza kusimama akajisaidie, au analala juu ya uchafu wake? Ukimwita, mkia unatikisika? Daktari mmoja wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kati ya 0 na 10, na jumla inayozidi 35 huhesabiwa kuwa maisha bado yanavumilika. Hatusemi imani ipimwe kwa alama. Tunasema kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha: tia alama siku njema na siku mbaya, na siku mbaya zikizidi, usiongeze wiki nyingine kwa sababu wewe hujawa tayari. Wiki hiyo analipa yeye.

Gharama nayo isemwe wazi. Asiye na fedha za matibabu ya miezi hana hatia kwa kuamua mapema kuliko tajiri, mradi asimwache ateseke huku akijifariji kwa mistari.

Siku ikifika, usimkabidhi kijana wa kazi kamba na kuondoka. Kwa kawaida daktari humpa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha humchoma mshipani dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mara nyingi kwenye mguu wa mbele, na moyo husimama kwa dakika chache. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya kufa. Ni misuli tu. Mkono wako uwe kichwani pake, kwa kuwa sauti yako ndiyo pekee anayoijua pale.

Watoto nao wasidanganywe kwamba amekimbia. Mtoto atakaa langoni siku nyingi akimngoja, na atakapojua ukweli atakumbuka pia ni nani waliomfundisha amri ya kutoshuhudia uongo. Aambiwe kwamba Simba aliugua, hakupona, nasi tuliamua asiteseke zaidi. Akiuliza kama kuna mbwa mbinguni, wachungaji wetu wawili tuliowauliza walijibu tofauti, na mtoto anaweza kuvumilia hilo kuliko sisi.

Shimo lichimbwe refu. Dawa ile hubaki ndani ya mzoga, na mbwa mwingine au tai akiufukua na kuula hufa. Mzoga usipelekwe jalalani.