Nani aliyewagombanisha wachezaji?

Mwaka 2006, wachezaji wa gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft wa upande wa Horde walikusanyika ndani ya gemu kumuaga mwenzao aliyefariki dunia kwa kiharusi. Walichagua Winterspring, eneo la theluji lenye ziwa, kwa kuwa marehemu alipenda theluji na kuvua samaki. Wakapanga foleni kutoa heshima za mwisho. Ghafla kundi la Serenity Now, la upande wa Alliance, likawavamia na kuwafyeka, kisha video ya tukio hilo ikasambazwa mtandaoni. Hadi leo wachezaji wanabishana kuihusu.

Wavamizi walijitetea kwamba hawakuvunja sheria yoyote, na ni kweli hawakuvunja. Seva waliyochezea, Illidan, ilikuwa ya mapigano, ambako kumuua mtu wa kambi ya pili popote unapomkuta ni ruhusa. Ndiyo maana kuwalaumu wachezaji peke yao, kana kwamba walizaliwa na roho mbaya, ni kumwacha mhusika mkuu. Kuna mtu aliyekaa mezani akaandika sheria hizo.

Kampuni ya Blizzard ilipoizindua gemu hiyo Novemba 2004, iliwagawa wateja wake sehemu mbili. Ukichagua kuwa binadamu, uko Alliance. Ukichagua kuwa ork, uko Horde. Kambi hizo hazikuruhusiwa kushirikiana wala kuzungumza. Mtu wa Horde akiandika “lol”, wa Alliance aliyesimama mbele yake anasoma “kek”. Kwa hiyo hata kama mmoja wa waombolezaji wa Winterspring angewaandikia wavamizi “tuacheni kwanza tumuage mwenzetu”, wangeona herufi zilizovurugwa tu.

Ukuta huo ulizuia matusi, hilo halina ubishi. Lakini ulizuia pia pole, shukrani na samahani. Mashabiki wa Simba na Yanga hutaniana tangu asubuhi, tena kwa maneno makali, ila ofisi yao ni moja, daladala yao ni moja, na kukitokea msiba wanabeba jeneza pamoja. Ndani ya Azeroth, dunia ya gemu hiyo, mtu wa upande wa pili alibaki kuwa jina jekundu juu ya kichwa cha mnyama wa kuwindwa.

Kisha ikaja biashara. Mwaka 2009 Blizzard ilianza kuuza huduma ya kuhama kambi kwa dola 30. Rafiki zako wakiwa ng’ambo ya ukuta, unalipa unavuka. Oktoba 2010 gemu hiyo ilifikisha wanachama milioni 12, na baadhi ya seva ziliendelea kuelemea upande mmoja kiasi kwamba wa upande mdogo hawakuwa na wa kucheza naye. Kuuza mlango wa ukuta ulioujenga mwenyewe si jambo la kujivunia.

Wapo watakaosema ushindani bila uadui hauna ladha. Waitazame EVE Online, gemu ya vita vya angani ya kampuni ya CCP ya Iceland, inayochezwa tangu 2003. Huko miungano mikubwa huundwa na wachezaji wenyewe, nao hupelelezana na kusalitiana bila huruma. Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, zaidi ya wachezaji 7,500 walihusika katika pambano moja, na manowari 75 za daraja la Titan zikateketea. Lakini adui anaweza kumwandikia adui, na kila muungano mkubwa una wanadiplomasia wake. Mmoja wao, wa kundi la Goonswarm, alikuwa Sean Smith, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani aliyeuawa Benghazi Septemba 2012. Habari zilipofika, vituo vingi vya angani vilibadilishwa majina kumkumbuka, na waliomlilia ni pamoja na watu waliopigana na kundi lake kwa miaka.

EVE nayo si ya malaika. Mwaka huohuo wa 2012, katika mkutano wa wachezaji mjini Reykjavik, kiongozi wa kundi hilohilo la Goonswarm alisimama jukwaani akamkejeli mchezaji aliyekuwa akizungumzia kujiua. CCP ilimfungia siku 30, naye akapoteza uenyekiti wa baraza la wachezaji. Mtu mkubwa aliadhibiwa hadharani, na kila mchezaji akajua mpaka uko wapi.

Hatari nyingine iko karibu zaidi. Katika gemu ya League of Legends, mechi ni ya watano dhidi ya watano, na mara nyingi anayekutukana ni wa timu yako. Oktoba 2021 kampuni ya Riot inayoitengeneza ilifunga gumzo kati ya timu pinzani, huku yenyewe ikikiri kwamba matusi yanaendelea pia ndani ya timu. Sababu inaeleweka. Watu watano wasiojuana wanafungwa pamoja kwa nusu saa au zaidi, anayetoka anaadhibiwa, na kosa la mmoja linawashusha daraja wote. Mechi ikiisha hawaonani tena. Katika hali hiyo, hata mtu mpole nyumbani kwao anaweza kumtukana kijana wa miaka 14 matusi asiyothubutu kuyatamka mbele ya mama yake.

Riot iliwahi kujaribu jambo la maana zaidi. Mwaka 2011 ilianzisha Tribunal, ambako wachezaji walisoma mazungumzo ya mechi yaliyolalamikiwa na kupiga kura kama mhusika ana hatia. Mfumo huo ulisimamishwa 2014. Ulikuwa na kasoro zake, hasa kuchelewa, lakini ulimfanya mchezaji wa kawaida aone kwa macho yake matusi yanavyosomeka siku ya pili, hasira zikiwa zimepoa. Ulistahili kutengenezwa, si kuachwa.

Blizzard hatimaye iliruhusu Horde na Alliance kuingia mapangoni pamoja mwishoni mwa Mei 2022, na mwaka uliofuata vyama vya wachezaji vikaanza kupokea wanachama wa kambi zote mbili. Gemu haikufa. Kampuni zinazotengeneza gemu mpya leo, zikiwemo za simu ambazo vijana wetu hucheza usiku kucha, zina miaka hiyo 18, ya kuanzia 2004 hadi 2022, ya kujifunzia. Zianze na hili: mchezaji anayeripoti matusi aambiwe shauri lake limeishia wapi, na kampuni itangaze kila mwaka ilipokea malalamiko mangapi na iliwafungia wangapi.