MAZUNGUMZO YA BARAZANI: Klabu ni ya nani?



Jumapili iliyopita, watu walipokwisha kutoka katika Misa ya pili, niliwakuta wazee wawili chini ya mwembe wa parokia wakibishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja ni wa Simba, mwenziwe ni wa Yanga, na kila mmoja amemsimamia mtoto wa mwenziwe katika ubatizo. Nilidhani wanagombania goli. La! Waligombania hisa. Wa Yanga alimcheka mwenziwe kwamba Simba ilikubali mwekezaji mmoja achukue sehemu 49 katika kila 100. Wa Simba akamjibu kwamba mwaka 2021 Yanga nao walibadili katiba yao kuelekea huko huko, basi nyani haoni kundule.

Niliketi nao, nikawapa habari za mji mmoja wa mbali ambao umeuzoea ugomvi huu tangu enzi za mababu. Nakupa na wewe, maana mwanzo wake ulikuwa katika ukumbi wa parokia.

Mji wenyewe ni Glasgow, katika Uskoti. Baada ya viazi kuoza na njaa kuu kuipiga Ireland katika miaka ya 1840, Waireland wengi walivuka bahari wakaja kutafuta kazi huko. Walikuwa Wakatoliki, walikuwa maskini, na hawakupendwa. Watoto wao walikuja shuleni na njaa. Basi Bruda Walfrid, wa Shirika la Mabruda Wamarist, mwalimu mkuu wa shule ya Moyo Mtakatifu, aliwaza jinsi ya kuwalisha. Mwezi wa Novemba 1887, katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, yeye na wenzake waliunda timu ya mpira ili viingilio vyake vinunue chakula cha watoto. Timu hiyo ni Celtic. Mechi yake ya kwanza, mwezi wa Mei 1888, ilicheza na majirani zao Rangers ikashinda 5 kwa 2.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 1892 wakubwa wa shirika walimhamishia Bruda London. Mwaka 1897 klabu ikafanywa kampuni, yenye wenye hisa wa kugawana faida. Sisemi walikuwa watu wabaya. Timu ilihitaji uwanja na wachezaji, na vyote ni fedha. Lakini ile sahani ya mtoto maskini ilisahauliwa mapema. Kisha jamaa mbili tatu zikashika uongozi, baba akamwachia mwana, mpaka mwaka 1994 klabu ikawa na madeni makubwa na benki ikakaribia kuifunga. Iliokolewa saa chache tu kabla ya mwisho na Fergus McCann, mtu wa Uskoti aliyekwenda kutajirika Kanada, ambaye ujanani mwake alikuwa akipanga mabasi ya mashabiki wa timu hiyo. Baadaye aliuza hisa kwa mashabiki wenyewe, nao maelfu kwa maelfu wakanunua.

Wa Rangers walicheka sana mwaka ule. Wakaja wakacheka wa Celtic mwaka 2012, kampuni ya Rangers ilipoanguka kwa madeni, pamoja na kodi ya serikali isiyolipwa, na timu ikaanza upya katika daraja la nne. Hata leo, ukiwakuta mashabiki wa pande mbili mahali pamoja, wa Celtic atasema klabu ile ilikufa, na wa Rangers atasema iliyokufa ni kampuni tu, klabu i hai. Hapo hata padre hawezi kuwaamua!

Lakini waulize habari za utoto wao, na sauti zitashuka. Zamani watu walisimama kwenye ngazi za udongo na zege, makumi ya maelfu, wamebanana kama dagaa. Mtoto hakulipa: baba alimnyanyua juu ya chuma cha mlangoni, akaingia bure. Ndani alibebwa mabegani, au watu wazima walimpitisha kichwani mwa umati mpaka mbele kabisa apate kuona. Celtic walikuwa na upande mmoja wenye bati juu yake ulioitwa Jungle, yaani Msitu. Wa Rangers nao wana yao ya kukumbuka, na ukisikiliza kwa macho yaliyofumbwa hutajua nani ni wa wapi. Ni baba yule yule, koti lile lile lenye mvua.

Na ni ngazi zile zile zilizoua. Tarehe 2 Januari 1971, Rangers na Celtic walitoka sare 1 kwa 1 katika uwanja wa Ibrox. Watu walipokuwa wakitoka kwa ngazi ya namba 13, waliangukiana. Wakafa 66. Watano kati yao walikuwa wanafunzi, marafiki kutoka kijiji kimoja kiitwacho Markinch. Fikiri, msomaji, kijiji kama chako, na watoto watano wa siku moja.

Hapa ndipo neno la uongozi linapokuwa zito. Maana katika ngazi hiyo hiyo watu 2 walikuwa wamekufa mwaka 1961, na wengine wakaumia mwaka 1967 na mwaka 1969. Wakubwa walijua. Mwaka 1974 hakimu alihukumu kwamba klabu ilikuwa na kosa. Mwezi ule ule wa maafa wachezaji wa timu zote mbili waliungana wakawa timu moja, wakacheza na timu ya taifa ya Uskoti ili kuwachangia wafiwa, na watu zaidi ya 80,000 walikuja.

Nilipofika hapo wale wazee wangu walikuwa kimya. Kisha wa Simba akauliza: “Na zile ngazi za uwanja wetu, siku ya mechi kubwa, nani huzikagua?” Mwenziwe hakujua. Mimi pia sikujua. Wakaanza kutafuta ni nani wa kuandikiwa barua, klabu au serikali, na hapo ugomvi ukaanza upya, lakini safari hii walikuwa upande mmoja, na aliyegombezwa ni mimi, kwa kuwa sikuwa na kalamu.