Chama Kisichojua Siku ya Kufungwa: Barua kwa Ndugu Zangu wa Ngamiani

 Ndugu zangu mlioko Tanga, naandika nikiwa na uchungu ambao sikupenda uitangulie barua hii, lakini ujumbe wa sauti uliotumwa katika kundi letu Ijumaa iliyopita, wenye habari kuwa mkutano mkuu umemwongezea mwenyekiti muhula mwingine mpaka kazi itakapokamilika, umeninyima usingizi siku tatu mfululizo. Kazi ipi? Chama chetu kiliundwa mwaka 1998 kwa jambo moja, kujenga wodi ya wazazi katika zahanati yetu, na kuta za wodi hiyo zimesimama kwenye usawa wa linta tangu mama yangu yu hai, zikiota majani, hali mwenyekiti ni yule yule na mweka hazina ni shemeji yake. Hayo mnayajua kuliko mimi.

Nataka niwasimulie habari za viongozi wa namna nyingine, na najua baadhi yenu mtakapotambua walipigania nini mtataka kuikunja barua, nawasihi msiikunje. Walikiongoza chama kilichoitwa Freedom to Marry, kilichodai kuwa wanaume wawili au wanawake wawili waruhusiwe kufunga ndoa ya serikali hapa Marekani, nami, niliyeishi jengo moja na watu waliohitaji haki hiyo, naamini kwa dhamiri safi kuwa waliistahiki.

Juu ya chumba changu hapa Brooklyn waliishi wazee wawili, mmoja dereva mstaafu wa basi na mwenziwe fundi cherehani, waliokuwa pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2009, walipokuwa matembezini katika jimbo la kusini, dereva alipatwa na kiharusi, na karani wa hospitali akamuuliza fundi, "Wewe nani wake?" Fundi akajibu, "Rafiki," kwa kuwa sheria ya pale haikumpa neno jingine, akaambiwa angoje nje na wageni, akangoja kwenye kiti cha plastiki mpaka asubuhi. Alinisimulia kisa hicho akinipindia suruali, pini mbili zimebanwa midomoni, bila ya kuinua macho. New York iliporuhusu ndoa hizo Julai 2011, walifunga ndoa yao, na cheti chao fundi alikihifadhi katika bati la biskuti. Nilipokishika mkononi nilimkumbuka mama, na sababu yake nitaieleza.

Chama hicho kiliasisiwa mwaka 2003 na mwanasheria Evan Wolfson, ambaye ujanani alitumikia kwa kujitolea nchini Togo, barani kwetu, kisha mwaka 1983, akiwa mwanafunzi wa Harvard, akaandika tasnifu ya kutetea ndoa hizo, wakati ambapo hata wengi wa wenziwe waliziona ni ndoto za alinacha. Njia yake haikuwa nyepesi. Mwaka 2004, Massachusetts ilipokuwa jimbo la kwanza kuwafungulia wapenzi wa jinsia moja mlango wa ndoa, majimbo 13 yalibadili katiba zao ili kuukomea. Na mwaka 2008 wapiga kura wa California wakawapokonya haki waliyokuwa wameionja kwa miezi michache tu. Hapo ndipo ulipodhihirika uongozi, kwani viongozi wa chama hicho hawakuketi kuwalaani wapiga kura. Thalia Zepatos, aliyesimamia utafiti wao, alitilia maanani jambo hili: watu wa kawaida walipoulizwa kwa nini wao walioana, walijibu kuwa ni kwa mapenzi na ahadi, lakini walipoulizwa kwa nini watu wa jinsia moja wanataka kuoana, walitaja haki na mafao, au walisema hawajui. Viongozi wakakiri kuwa kosa ni lao, maana wao wenyewe ndio waliokuwa wakinadi haki na mafao miaka yote. Wakabadili kauli, wakaanza kunena habari za mapenzi na ahadi, na Marc Solomon akaongoza kampeni jimbo kwa jimbo, hata Novemba 2012 wakashinda kura zote nne zilizopigwa. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaruhusu ndoa hizo nchi nzima, baada ya wakili Mary Bonauto kusimama mbele yake kuwasemea wadai.

Sasa sikilizeni lililonichoma. Chama kilichokuwa na jina, ofisi, wafadhili na sifa mpya ya ushindi kilifungwa. Wolfson alitangaza kuwa kazi imekwisha, na Februari 2016, miezi minane tu baada ya hukumu, milango ikafungwa. Wafanyakazi wakasaidiwa kutafuta riziki pengine, na viongozi wakaketi na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kusimulia walivyotenda, ili wenye madai mengine wapate funzo. Hapana aliyesema, "Tutafute jambo jingine la kutubakiza vitini."

Basi ninalolitaka, ndugu zangu, ni kifungu kimoja katika katiba ya chama chetu, na ya kila chama kilichoundwa kwa jambo moja: kifungu cha siku ya kufungwa. Iandikwe nia inayoweza kupimwa kwa macho, yaani wodi yenye paa, vitanda, maji na mlango, wala si "maendeleo ya jamii", iandikwe tarehe, iandikwe kuwa tarehe hiyo ikifika na kazi haijakwisha, viongozi wote, mkubwa kwa mdogo, watajiuzulu bila ya kungoja kusukumwa, na kazi ikiisha, hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani ikasomwe na kila apitaye, salio na madaftari yakabidhiwe zahanati, na chama kizikwe kwa heshima zake. Chama cha kuzikana nakiacha kando, kwa kuwa kifo hakina mwisho. Lakini ujenzi una mwisho.

Wala msiniambie kuwa hayo ni mambo ya kizungu. Mama zetu na dada zetu huvunja kikoba kila mwaka, wakagawana mpaka shilingi ya mwisho mbele ya macho ya wote, na watakao kuendelea huanza upya. Hata msiba, ulio mkubwa kuliko wodi, una siku ya kuanua tanga. Kinachotushinda si elimu, ni muhali: mnanung'unika barazani, mnanipigia simu usiku kunilalamikia, kisha mkutanoni mnainua mikono kwa kumwonea haya mtu mzima, na haya hiyo anailipia mzazi anayejifungulia njiani. Nawapenda, na kwa kuwa nawapenda nawaambia kuwa muhali huo ni dhuluma.

Mama yangu alifariki mwaka 2013. Makaratasi yangu hayakuniruhusu kutoka, nikasikiliza mazishi yake kwa simu, nimeegemea ukuta wa jikoni, na tangu siku hiyo nakijua kile kiti cha plastiki cha fundi cherehani. Dada aliniletea mkoba wa marehemu, na ndani yake mlikuwa na bati la biskuti lililojaa risiti za ada ya chama, moja kwa kila mwezi, zimekunjwa nne nne, kwa miaka kumi na mitano. Bati la jirani yangu lina ahadi iliyotimizwa, na la mama lina ahadi isiyo na tarehe.

Nami sina haki ya kuwahukumu bila ya kujihukumu. Tangu niondoke mwaka 2006 nimewaambia nyote, na mama nilimwambia, kuwa nitakuja mwakani, na neno hilo limenisitiri kama lilivyomsitiri mwenyekiti. Basi nalitoa. Andikeni kifungu hicho, tajeni siku ya kukifunga chama, mniarifu. Nami siku hiyo nitakuwapo Ngamiani na bati la mama mkononi, tuzisome risiti zake moja moja mbele ya mlango wa wodi.

Wenu katika damu na amana,
Mwana wa Ngamiani, Brooklyn